Datsun 240Z ya 1972: nani aikague kabla sijatoa pesa?

Kijana_wa_Ngara
Wadau, nimeona 240Z inauzwa Mombasa, ya 1972, usukani kulia. Mwenyewe anasema injini ni ile ile ya kiwandani. Kabla sijalipa nina njia tatu: niipeleke AA Kenya (chama cha wenye magari), niende na fundi wangu wa kila siku, au nimsafirishe fundi wa magari ya rali kutoka Nairobi, ambaye bei yake si mchezo. Mngechagua ipi?

Mzee_Kabureta
AA watakupa ripoti safi na thamani ya kupeleka kwa bima. Lakini ukaguzi wa namna hiyo umezoea Probox na Vitz. 240Z haifi injini, inakufa bodi. L24 ni injini ngumu, silinda sita, lita 2.4, na ikichoka inafungulika na kutengenezeka. Bati likioza ndipo pesa zinapopotelea.

Mtafute fundi wa bodi mwenye kujua Datsun za zamani, ashike tochi na sumaku, atambae chini. Aangalie pale betri inapokaa, sakafu chini ya mikeka, reli mbili zinazopita chini ya sakafu, kona ya bodi kati ya mlango na tairi la nyuma, na chini ya kioo cha mbele ambako maji hutuama. Sumaku isiposhika hapo ni puti (udongo wa kuziba bati), na chini ya puti sitashangaa ukikuta shimo. Gari la Mombasa tena, na ile hewa ya chumvi!

Mama_Gereji_Tanga
Mzee yuko sawa, ila fundi wako usimwache. Kupima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda, anaweza. Muuzaji asiiwashe kabla hamjafika, mwone moshi wa kwanza injini ikiwa baridi. Ikishapata moto, plagi zote sita zitoke, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho, namba zikaribiane. Silinda moja ikiachwa nyuma, mimina oili kidogo upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, shuku valvu au gasketi ya hedi.

Pwani_Motors
Muuzaji akikataa gari lipandishwe kwenye lifti, panda treni ya SGR urudi kwenu.

Shabiki_wa_Rali
Namba kwanza, kabla ya kumlipa mkaguzi yeyote. 240Z ya usukani kulia, namba ya chasisi huanza na HS30, imegongwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Ikianza na S30 tupu, hiyo ni Fairlady Z ya lita 2 ya soko la Japani. Kwenye bloku ya injini isomeke L24. Kisha linganisha na rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari Kenya.

Na muuzaji akikuambia ilikimbia Safari Rally, omba karatasi. Ile aliyoshinda nayo dereva Edgar Herrmann 1971 wanayo Nissan wenyewe huko Japani. Shekhar Mehta naye akashinda na 240Z mwaka 1973, na sasa kila Z inayouzwa Kenya "ilikimbia Safari".

Kijana_wa_Ngara
Nimeomba picha za namba. Chasisi HS30, bloku L28! Sasa anasema "ilibadilishwa kitambo". Niachane nayo?

Mzee_Kabureta
La, L28 ni ndugu ya L24 ya lita 2.8, injini nzuri, pengine utaifurahia zaidi. Ila bei ya "kiwandani" imekufa. Mpe bei mpya kwa sharti la ukaguzi, kisha mpeleke fundi wa bodi na huyo wako wa kompresheni siku moja. Wa rali mwache Nairobi. AA utaenda ukishainunua, ukitaka bima.