Tepu za rangi (kinesio) kwa enka iliyoteguka, zinatibu kweli?

Madam_wa_Pete
Habari zenu wadau. Mimi ni mwalimu wa michezo sekondari moja huku Morogoro, nasimamia netiboli ya wasichana. Juzi mazoezini senta wangu aliruka kudaka mpira akatua juu ya kiatu cha mwenzie, mguu wa kushoto ukageukia ndani akakaa chini palepale. Yuko kidato cha pili. Upande wa nje wa kifundo umevimba kama andazi na tangu jana umeanza kuwa zambarau, rangi inashuka kuelekea kisigino. Anachechemea ila anakanyaga.

Tunaelekea UMISSETA (mashindano ya shule za sekondari) ngazi ya wilaya na huyu mtoto ndo roho ya timu, pasi zote zinapita kwake. Sasa mzazi mmoja katuletea roli ya zile tepu za rangi ambazo wachezaji wa Ulaya wanabandika, kaambiwa dukani ukibandika uvimbe unashuka, maumivu yanaisha na mtu anarudi kucheza baada ya siku mbili tatu. Nimeangalia video mtandaoni kila mtu anabandika kivyake, mwingine anaanzia unyayoni mwingine anaanzia kwenye shavu la mguu. Wenzake wanasema nyeusi ndo ina nguvu, hii ya kwetu ni bluu. Naombeni mwenye uelewa anisaidie, inatibu kweli? Na akibandikwa naweza kumpanga? Sitaki kumuumiza mtoto wa watu.

KipaWaMtaa
Madam bandika tu hiyo kitu inafanya kazi. Unamkumbuka Balotelli nusu fainali ya Euro 2012 na Ujerumani, alipofunga goli la pili akavua jezi, mgongoni ana mistari mitatu ya bluu. Ndo hizohizo. Mtu wa kiwango kile hawezi kubandikwa kitu kisicho na maana. Mimi mwenyewe naitumia kwenye goti mechi za bonanza na nasikia afadhali kabisa, bila hiyo dakika ya 60 naomba kutoka.

MamaWatatu
Mwalimu achana na mambo ya tepu. Chemsha maji yatie chumvi, mkande mpaka damu iliyolala itawanyike, alaf apelekwe kwa mchuaji anayejua viungo aurudishe mguu mahali pake. Sisi tumekua hivyo na watoto wetu wamepona, sema siku hizi watu wanaona ni ushamba.

Fizio_Nyanda
Madam pole sana na mfikishie pole binti. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, kesi za enka ndo mkate wangu wa kila siku, kwa iyo nitaandika kirefu nivumilie.

Kabla ya kuongelea tepu kuna swali linatangulia, je mfupa ni mzima? Kuna kanuni walitoa madaktari wa Ottawa kule Kanada mwaka 1992, inatumika dunia nzima kuamua nani apigwe eksirei na nani hana haja. Mkalishe, chukua kidole kimoja, bonyeza ukingo wa nyuma wa lile fundo la nje, anzia nchani kabisa panda juu mpaka kama sentimita 6. Fanya hivyohivyo fundo la ndani. Alaf shuka ubavuni mwa mguu upande wa kidole kidogo, katikati ya mguu kuna kifupa kimejitokeza, bonyeza hapo, na upande wa ndani kuna kingine kinachojitokeza mbele kidogo ya fundo, bonyeza na chenyewe. Akiruka kwa maumivu MFUPA unapobonyezwa, au kama hawezi kupiga hatua nne hata za kuchechemea, huyo ni wa eksirei leo usisubiri kesho. Na kwa umri wake nakusisitiza zaidi, mtoto ambaye bado anarefuka ana sehemu laini ya kukulia kwenye mfupa karibu kabisa na kifundo, na mara nyingine hiyo ndo inaumia wakati watu wote wanasema kateguka tu.

Sasa tepu. Ilibuniwa na Mjapani anaitwa Kenzo Kase miaka ya 1970, ikaja kujulikana sana Olimpiki ya Beijing 2008 Kerri Walsh wa Marekani alipocheza voliboli ya ufukweni na tepu nyeusi begani. Ni pamba iliyofumwa na nyuzi zinazovutika, nyuma ina gundi inayoshika ikipata joto. Hamna dawa yoyote ndani. Rangi ni rangi tu, nyeusi bluu na pinki zote sawasawa, waambie wasichana wasigombane.

Wanaoiuza wanasema inanyanyua ngozi kidogo, majimaji yanapata njia ya kupita na uvimbe unashuka. Kuisikia inaleta maana kabisa. Ila walipoipima kwa watu wenye tatizo kama la binti yako matokeo hayakuja, kuna utafiti wa Brazili ulitoka 2015, wanamichezo 36 wenye enka mbichi, kundi moja likabandikwa ile staili ya kupunguza uvimbe na kundi jingine likabandikwa tepu bila kuvutwa, ya kuzugia tu, na baada ya siku 3 uvimbe haukutofautiana. KipaWaMtaa sikatai kwamba goti unasikia afadhali, watu wengi wanapata nafuu ya maumivu kwa muda na ni kitu halali, mwili ukiguswa ubongo unapunguza kelele za maumivu. Ila goti lako la bonanza na enka iliyochanika juzi ni vitu viwili tofauti.

Kinachonitisha mimi ni hiki. Kitu kinachovutika hakiwezi kuuzuia mguu usigeuke pale uzito wote unapotua. Binti akibandikwa atasikia mguu kama umeshikwa, maumivu yamepungua, ataamini amepona na ataruka kama kawaida yake. Ndani ligamenti (ile kamba inayounganisha mfupa na mfupa) ya mbele upande wa nje, ambayo ndo inaumia mara nyingi, bado imechanika. Ikichanika kidogo ni wiki 1 mpaka 3, ikichanika nusu unaongelea wiki 3 mpaka 6, na ikikatika kabisa ni miezi. Hakuna gundi ya kufupisha hizo wiki. Na aliyeteguka mara moja ndo yuko kwenye hatari kubwa ya kuteguka tena, akirudi mapema anaweza kubaki na enka inayolegalega mpaka anamaliza shule.

MamaWatatu shikamoo mama. Mchuaji apumzishwe kwanza. Siku hizi za mwanzo damu bado inavuja ndani, maji ya moto na kuminywa kwa nguvu vinaongeza uvimbe, na kama kuna ufa kwenye mfupa kuuvuta mguu ni hatari kubwa. Na enka ya kuteguka kawaida haijahama mahali pake, kwa iyo hakuna cha kurudisha.

Madam_wa_Pete
Asante sana, nimesoma yote. Nimembonyeza sasa hivi nikiwa na matroni, ukingo wa nyuma wa fundo la nje amepiga kelele kabisa, kwingine kote ametulia. Hatua nne anapiga. Nampeleka eksirei mchana huu, nimeshampigia babake.

MamaWatatu
Marahaba mwanangu. Hapo kwenye ufa umenigusa, sikuwahi kulifikiria hivyo. Mwalimu mpeleke mtoto.

WD_wa_Zamani
Nami nichangie kidogo mana nimecheza netiboli miaka mingi mpaka ngazi ya mkoa. Mchezo wetu ni mgumu sana kwa enka kuliko watu wanavyodhani, mpira wa miguu ukipokea unaendelea kukimbia lakini sisi ukidaka hukimbii nao, unatua, unasimama ghafla, unageuka na ndani ya sekunde 3 uwe umeshatoa pasi. Tena chini ya goli watu wamejazana, unatua juu ya mguu wa mtu. Halafu viwanja vya shule zetu mnavijua, udongo umeliwa na mvua, kokoto kila mahali.

Niliyoona yanasaidia ni mawili. Bresi ya enka ile yenye kamba na mikanda inayozunguka kisigino, sio soksi ya kubana tu. Na mazoezi ya balansi. Kocha wetu alikuwa anatusimamisha mguu mmoja tukirushiana mpira wawili wawili, mara anasema fumbeni macho, kila siku kabla ya kitu chochote. Tulikuwa tunalalamika lakini timu yetu ilimaliza msimu ikiwa na wachezaji wake wote.

Fizio_Nyanda
WD umemaliza kila kitu, hayo mawili ndo yenye ushahidi mzuri kuliko yote kwa mtu aliyewahi kuteguka. Madam tunasubiri majibu.

Madam_wa_Pete
Wadau majibu yametoka, mfupa ni mzima, Mungu ni mwema. Daktari kasema ligamenti imechanika sehemu, kampa magongo ya siku chache na dawa ya maumivu. Nimeshaandika jina la mwingine kwa ngazi ya wilaya, binti kalia sana, nimemwambia atakaa na mimi benchi ahesabu pasi zilizopotea maana anaujua mchezo kuliko hao wote. Fizio naomba unielekeze afanye nini hapa bwenini, kwenda hospitali mara kwa mara nauli ni shida. Na hii roli niitupe?

Fizio_Nyanda
Afadhali sana, na hapo kwenye benchi umefanya vizuri.

Siku hizi za mwanzo mguu ukae juu ya mito akilala, barafu dakika 10 mpaka 15 mara kadhaa kwa siku kwa ajili ya maumivu, hata zile za mifuko wanazouziwa wanafunzi getini zinafaa, zifunge kwenye kanga zisiguse ngozi moja kwa moja. Bandeji ya kuvutika kuanzia vidoleni kupanda juu, vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi legeza. Asiuache mguu umekufa tu, awe anauvuta juu na kuushusha, anachora herufi hewani kwa kidole gumba, na akanyage kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Akianza kutembea bila kuchechemea mtafutie tyubu ya zamani ya baiskeli, ikate, funga ncha moja kwenye mguu wa kitanda, nyingine aizungushe mguuni, asukume mguu kwenda nje polepole na kurudi polepole. Hii misuli ya ubavuni ndo breki ya enka. Aongeze kupanda kwa vidole ameshika ukuta, miguu miwili kwanza halaf mmoja. Kusimama mguu mmoja akipiga mswaki asubuhi na jioni, baadae afumbe macho, baadae asimame juu ya godoro. Kurudi uwanjani usiangalie kalenda, angalia kama anaweza kurukaruka kwa mguu ule peke yake sawa na mwenzie, kukimbia namba nane, na kutua na kugeuka kwa kasi ya mechi bila maumivu na bila kusita. Mazoezi ya balansi yaendelee hata akirudi, angalau wiki 8.

Roli usitupe. Kama anasikia raha nayo abandike, mradi ajue haimruhusu kucheza. Ngozi ioshwe ikauke vizuri, isiwe na mafuta hata kidogo, kata pembe ziwe mviringo zisinase kwenye soksi. Mguu uvutwe juu uwe kama herufi L, anzia juu ya fundo la ndani, pita chini ya kisigino, panda fundo la nje mpaka juu yake. Katikati vuta kiasi, zile ncha mbili laza bila kuvuta KABISA, hapo ndo wengi wanatoka malengelenge. Sugua kwa kiganja ipate joto ishike. Inakaa siku 3 mpaka 5 hata akioga. Ikimuwasha atoe palepale, kutoa paka mafuta ya kula juu yake subiri kidogo, bonyeza ngozi huku unaikunja tepu taratibu, asiinyofoe. Pasiwe na kidonda wala mchubuko.

Madam_wa_Pete
Ubarikiwe. Nimeiprinti nimeibandika ukutani kwa matroni. Bresi nachukuaje saizi? Mzazi anaenda Dar wiki ijayo nataka nimwagize.

WD_wa_Zamani
Mpime mzunguko kwa futi ya fundi cherehani juu kidogo ya mafundo, uvimbe ukiwa umeshashuka, muandikie na namba ya kiatu. Nyingine zina mguu wa kulia na wa kushoto kwa iyo mwambie ni wa kushoto. Na viatu vya michezo awe amevibeba, avae bresi juu ya soksi nyembamba ajaribu kama mguu unaingia, mara nyingi inabidi kulegeza kamba kabisa.