Mrejesho: ofa kwa nyumba mbili, Buruburu na Donholm

Wapendwa, niliwauliza kama ni sawa kutoa ofa kwa nyumba mbili kwa pamoja, ilhali nina pesa za moja tu. Asanteni kwa majibu. Hata waliosema si uungwana walinisaidia.

Nilitoa zote mbili kwa maandishi, na wakili akahakikisha kila barua inasema wazi kwamba hainifungi hadi mkataba wa mauzo utiwe saini. Wauzaji wote niliwaambia kuna nyumba nyingine naiangalia. Hilo naona ni lazima. Yule wa Donholm hakupenda. Akataka "pesa kidogo ya kushikilia" papo hapo, kwa M-Pesa, bila karatasi yoyote. Sikutoa. Hapo ndipo watu wengi huumia hapa Nairobi, maana ukijitoa, kurudishiwa ni vita.

Tulipoangalia rekodi ya hati kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi mtandaoni, ile ya Donholm ilikuwa na rehani ya benki ambayo muuzaji hakuitaja. Rehani yenyewe si tatizo, benki hulipwa kutoka kwenye bei ya nyumba, lakini kunyamaza kwake kulinitia shaka. Nikampigia simu kumwambia najitoa, kisha nikamwandikia.

Ya Buruburu tumetia saini. Asilimia 10 ya bei imeshikiliwa na wakili wa muuzaji kwa ahadi ya kutoigusa hadi uhamisho ukamilike, na tuna siku 90 za kuukamilisha. Sasa nakusanya pesa za ushuru wa stempu, kodi ya serikali ya kuhamisha umiliki, asilimia 4 ya thamani ya nyumba.