Bunduki ya babu: kila kitambaa kinatoka na buluu, niendelee ao niache?

Ndugu zangu, wakubwa kwa wadogo, jambo yenu. Niko Lubumbashi, naomba ushauri.

Babu alituachia Mauser ya Ubelgiji ya mwaka 1889, milimita 7.65, ile ambayo mtutu wake umevikwa bomba jembamba la chuma. Karatasi zake zipo. Sitaki kuipiga, nataka tu isiozee nyumbani. Ni kitu pekee cha babu tulichobaki nacho.

Nilitoa komeo, nikamwaga maji ya moto ndani ya mtutu kuyeyusha chumvi inayoachwa na risasi za zamani, nikakausha, nikapaka mafuta. Kutu ilitoka nyingi sana. Kisha nikatumia dawa yenye amonia, ya kuyeyusha shaba, na burashi ya nyuzi za shaba. Siku ya nne sasa, vitambaa ninavyopitisha ndani ya mtutu bado vinatoka na buluu. Fundi mmoja ameniambia nisugue kwa msasa. Nimekataa, naogopa mifuo ya ndani, ile mistari iliyochongwa kuzungusha risasi, itaisha.

Je, buluu hiyo ni shaba ya risasi iliyoganda ndani, ao ni burashi yangu inayoliwa na amonia? Na maji yaliyopenya kati ya mtutu na lile bomba, nitayakausha namna gani kabla ya mvua za Novemba?