Somo la Jumapili: nianzie kwa Gideoni au 1 Samweli 8?

Mwana_wa_Rama:
Shalom wapendwa. Nimepewa somo la jinsi Israeli walivyotoka kwa waamuzi, viongozi wao wa kabla ya wafalme, wakaingia kwenye ufalme. Nianze na mwamuzi Gideoni, au niende moja kwa moja 1 Samweli 8, kwa wazee waliomfuata nabii Samweli kule Rama kudai mfalme? Nataka kuanza kuandaa leo.

Jembe_na_Neno:
Shalom. Unafundisha nani, watoto au watu wazima? Na una dakika ngapi? Hujasema.

Mama_Wawili:
Gideoni! Waamuzi 8 Waisraeli wanamwomba atawale yeye, mwanawe na mjukuu wake, anakataa: Bwana ndiye atakayewatawala. Sura ya 9 mwanawe Abimeleki anawaua ndugu zake juu ya jiwe moja, anatawazwa Shekemu. Yothamu aliyenusurika anapanda mlima Gerizimu na kuwapazia sauti: mzeituni umekataa kuwa mfalme wa miti, mtini umekataa, mzabibu umekataa, mti wa miiba ndio umekubali, yaani Abimeleki. Ukiruka hapo, hawataelewa kwa nini Samweli alichukizwa.

Mlinzi_wa_Zamu:
Mimi nilifundisha 1 Samweli 8 peke yake, sirudii. Nilisoma yale Samweli aliyowaonya: mfalme atachukua wana wenu kwa magari yake ya vita, binti zenu wawe wapishi na waokaji, na sehemu ya kumi ya mbegu na mizabibu. Kijana mmoja akauliza, "Kwa hiyo kodi ni dhambi?" Mwingine akadakia na uchaguzi. Wakashikana maneno mpaka mzee wa kanisa akasimama akafunga kwa sala. Sauli, mfalme wa kwanza, na punda wa baba yake sikuwafikia kabisa. Niliumia, maana nilikesha nikiandaa. Nilichokosea ni kutowaambia kwamba wale wazee walikuwa na sababu: Yoeli na Abiya, wana wa Samweli, walikuwa wanakula rushwa huko Beer-sheba.

Jembe_na_Neno:
Na Wafilisti, adui zao, je? Sanduku la agano walishaliteka. Soma 1 Samweli 13: nchi nzima haina mhunzi, mkulima akitaka kunoa jembe anashuka kwa adui na kulipa pimu, kipimo cha fedha. Vijiwe vya mizani vyenye neno hilo vimefukuliwa, vina kama gramu 8, unakishika kwa vidole viwili. Mtu anayemlipa adui amnolee jembe, utamlaumu akitaka mfalme?

Mama_Wawili:
Mwamuzi Debora alishinda vita bila mfalme.

Jembe_na_Neno:
Alishinda, lakini wimbo wake mwenyewe unawataja makabila ya Reubeni, Dani na Asheri yaliyobaki kwao bila kuja vitani. Kila kabila lilikuja likitaka.

Mama_Wawili:
Na mfalme aliwaunganisha kwa muda gani? Mjukuu wa Daudi tu, Rehoboamu, makabila 10 yakamwacha palepale Shekemu.

Mwana_wa_Rama:
Samahani, ni vijana, dakika 40. Wengi kwao ni wakulima, habari ya mhunzi itawagusa. Sauli kujificha kwenye mizigo siku ya kuchaguliwa mfalme, nikuache wiki ijayo?

Mlinzi_wa_Zamu:
Usimwache hapo kwenye mizigo. Fika Yabesh-gileadi, Nahashi, mfalme wa Waamoni, anapotaka kuwang'oa watu macho ya kuume. Sauli anatoka shambani nyuma ya ng'ombe, anasikia kilio. Siku hiyo ndipo watu walimkubali.

Mama_Wawili:
Kwa dakika 40? Omba Jumapili mbili. Na Yothamu usimwache, nakusihi.