Simu "ya bure" ya miezi 36, na laini yangu ya Voda itakaa wapi?

Kutoka: Mama Wawili (Columbus, Ohio)
Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Habari zenu ndugu, shikamooni wakubwa. Naombeni ushauri kabla sijaingia mkenge. iPhone 11 yangu imechoka, betri imebaki asilimia 74, nikitoka kazini saa tisa mchana simu ishazima zamani, juzi shule ya mtoto wamepiga weee hawanipati. Leo nikapita duka la kampuni moja kubwa ya simu (siitaji), kijana akanichangamkia kweli, akasema lete hiyo kumi na moja yako hata kama kioo kimepasuka tunakupa iPhone 17 bure. Bure kabisa. Nikamwambia bure ya Marekani naijua mie, akacheka.

Kifurushi chao ni dola 85 kwa mwezi bado kodi, na mimi sasa hivi niko Visible nalipa 25 basi. Nimeangalia pia Galaxy S25 na Pixel 10, zote tatu ukinunua mwenyewe ni dola 799, sijui walikaa kikao kimoja, ila iPhone inaanzia GB 256 na hizo mbili GB 128. Mwezi wa 12 naenda Moshi na watoto wiki nne kwa hiyo nataka simu ya huku na kule, kamera nzuri, betri ikae. Nichukue ipi na kampuni gani? Nijibuni haraka, ofa wanasema inaisha Jumapili ijayo (kila wiki huwa inaisha Jumapili ijayo lakini haya).

—

Kutoka: Kaka wa Houston

Dada usisaini kitu. Ngoja nikupigie hesabu maana mimi nilishaliwa.

Simu ya 799 wanaigawa kwa miezi 36, inakuja dola 22 na senti 19. Kila mwezi bili inakuja na hiyo 22.19 ya simu, halafu mstari wa chini yake wanakurudishia hiyo hiyo 22.19. Hapo ndo bure yenyewe. Sasa sema umefika mwezi wa 14 umechoka nao unataka kuhama, marejesho yanakoma siku hiyo hiyo ila deni halikomi, miezi 22 iliyobaki mara 22.19 ni dola 488 na wanaitaka yote kwa mkupuo. Verizon na AT&T wanaenda miezi 36, T-Mobile 24, mchezo ni ule ule.

Na hapo sijagusa kifurushi. 85 toa 25 inabaki 60. Mara 36 ni dola 2,160. Yaani unanunua simu ya 799 kwa elfu mbili na mia moja sitini na ya zamani umewaachia. Kuhusu mtandao, hiyo Visible yako ni ya Verizon, Mint na Metro ni za T-Mobile, Cricket ni ya AT&T, minara ni ile ile. Tofauti inakuja kukiwa na msongamano, uwanja wa mpira au barabarani jioni, sisi wa bei chee tunapita nyuma. Ukiwa Columbus mtaani kwako hata hutajua.

Mimi yaliyonikuta: nilichukua simu ya mkopo hivyo hivyo, kufika mwezi wa kumi nikaamua kumpelekea mamdogo Tanga kama zawadi, mimi nachukua nyingine. Mamdogo kaweka laini, simu inamwandikia SIM haikubaliki. Imelokiwa, na hawafungui mpaka deni liishe. Mama wa watu kakaa na kioo cha kujiangalizia miezi minane, kila nikipiga ananiambia "mwanangu simu yako nzuri lakini haisemi".

—

Kutoka: Dada wa Minnesota

Hapo kwa hesabu kaka ameongea. But kuna kitu mmeruka. iPhone za Marekani kuanzia 14, ile ya 2022, hazina pale pa kuweka line. Hakuna. Ni eSIM tu, line iko ndani ya simu yenyewe bila kadi. Na Pixel 10 ya huku wameitoa hivyo hivyo mwezi wa nane. S25 ndio bado iko na kadi pamoja na eSIM.

Mimi nilijua hii maneno nikiwa nishashuka JKIA, airport ya Nairobi, 2023. Nimesimama hapo na 14 yangu mpya, line ya Safaricom kwa mkono moja, pini kwa mkono ingine (pini ya herini ya auntie yangu, alikuwa amekuja kunichukua), naizungusha simu natafuta katundu. Juu, chini, kando. Auntie ananiuliza unatafuta nini, namwambia mlango. Akacheka mpaka watu wa taxi wakageuka.

Kesho yake nikaenda shop na kitambulisho, wakanibadilishia ikawa eSIM, nikascan QR, hata dakika kumi haikuisha. Sasa ziko mbili kwa simu, ya huku na ya nyumbani, zote zinafanya pamoja. So si mwisho wa dunia, ni kujua mapema. Fuliza yenyewe, ile deni ya M-Pesa ya Safaricom, ilinipata hata kwa eSIM wasee, haina huruma.

—

Kutoka: Mama Wawili

Subirini kwanza. Haina sehemu ya laini KABISA?

Maana laini yangu ya Voda imo humu humu kwenye kumi na moja, ya Visible ni eSIM na ya Voda ni kadi, iko roming haipigi simu, kazi yake kupokea meseji tu. OTP ya benki, ile namba ya siri ya kutumia mara moja, inakuja hapo. Tunajenga Kibosho, fundi akitaka hela ya simenti naingia kwenye apu ya benki, OTP inakuja kwenye Voda, narusha M-Pesa kwake. Hiyo laini ikikata siku mbili fundi anahama saiti.

—

Kutoka: Mzee wa Silver Spring

Marahaba wanangu. Mama Wawili, soma tena ulichoandika mwanzo. Kijana kakwambia "lete hiyo kumi na moja". Ndiyo bei ya ile bure. Anachukua nyumba ya laini yako ya Voda, anakupa simu isiyo na mlango. Utatoka pale dukani na kikadi kimekushika kidoleni huna pa kukiweka, na miezi miwili nzima mpaka Moshi.

Na usidhani utapiga simu tu wakakubadilishie. Laini ya Tanzania imesajiliwa kwa NIDA na alama za vidole, mnakumbuka zile foleni za mpaka Januari 2020, kubadilisha kadi iwe eSIM wanataka wewe na kidole chako dukani. Mimi nilimtuma mdogo wangu na barua na kopi ya pasipoti, kaambiwa kidole hakitumwi kwa barua. Kweli.

Halafu liko jambo la pili ambalo vijana hamlitazami. Kadi simu ikifa unaichomoa unaitia kwenye nyingine, sekunde. eSIM simu ikidondoka mtoni ukiwa Ohio, imekwenda nayo. Mpaka upande ndege. Sisemi eSIM ni mbaya, ya huku yote ninayo eSIM, nikipoteza nawapigia wananirudishia siku hiyo. Lakini ya nyumbani mimi naiacha kwenye kadi, na kadi naiacha kwenye iPhone 8 ya marehemu shemeji yako, imekaa juu ya friji imechomekwa chaja mwaka wa nne huu. Data ya roming nimezima, SMS inaingia. Wajukuu wanaiita simu ya Tanzania.

Angalizo moja, msije mkaleta Tecno ya Kariakoo mkafikiri itafanya kazi hiyo. Nilijaribu. Masafa ya huku na ya kule hayalingani, na 3G Marekani wameizima yote mwaka 2022, ile Tecno ilikaa dirishani wiki nzima inaandika hakuna mtandao. Ukiwa Dar ni simu safi kabisa.

—

Kutoka: Binamu wa Maskati

Asalaam alaykum. Mie nilidhani hichi kisa cha Marekani peke yake, kumbe na sisi kimetufika. iPhone 17 za huku Oman hazina pahala pa kadi, na Imarati, Saudia, Qatar, Kuwait, Bahrain vivyo hivyo. 16 ilikuwa nayo. Sasa jamaa zetu Unguja wamezoea kutuagizia simu za Ruwi, "nunua ya Maskati haina matatizo", na kweli ilikuwa haina. Mwezi uliopita nimempelekea mtoto wa ami yangu 17, kanipigia video anaigeuzageuza kama anatafuta tende ndani ya boksi. Yule dada wa herini kanikumbusha.

Huko Uingereza je?

—

Kutoka: Wa Leicester

Huku 17 bado ina kitundu, kadi moja na eSIM. Ila ile nyembamba, iPhone Air, haina popote duniani msije mkaagiza mkijua ya Uingereza itakuwa nayo. Na kulokiwa huku hakuna, Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano wa huku, walipiga marufuku kampuni kuuza simu zilizolokiwa tangu Desemba 2021, hata ya mkopo unaweka laini yoyote.

Lakini dada usianze kuniandikia inbox nikununulie, najua mnavyofikiria. Ni pauni 799, kodi imo ndani, hiyo ni zaidi ya dola elfu moja. Kwa hela hiyo nenda S25 ubaki na chenji ya pilau.

—

Kutoka: Baba wa Louisville

Bandugu salamu kwenu bote. Mi nasoma tu nacheka. Tuko batu saba mu nyumba, nikinunua telefone ya 799 kila mutu nitalipa nyumba na nini? Sisi tulinunua Galaxy A16 5G, dola 199, iko na kadi, na Samsung wanasema wataipa apdeti miaka sita. Kamera ya usiku si muzuri, hiyo ni kweli, kwa harusi piga picha mapema. Lakini Orange ya Bukavu inaingia, WhatsApp iko, batoto wanaangalia mupira. Ile ya bure mi walinipa karatasi ya kusaini, nikauliza mwanangu asome, alisoma page mbili akasema papa twende.

—

Kutoka: Kaka wa Houston

Baba wa Louisville umemaliza 😂

Mzee shikamoo, ile ya kumi na moja kuchukuliwa mimi sikuiona kabisa, niling'ang'ana na hesabu.

Mama Wawili kitu kimoja cha safari: ukifika Moshi usiwashe ile roming ya kampuni ya huku, AT&T na Verizon ni dola 12 kwa siku, hela ya siku moja unanunua bando la Voda la wiki na chenji inabaki. Weka data kwenye Voda, ya Marekani iache kwa ajili ya OTP za benki ya huku tu. Yaani tunakwenda kinyumenyume, huku tunalinda laini ya kule, kule tunalinda laini ya huku.

—

Kutoka: Mama Wawili
Jumatano, 8 Oktoba 2025

Asanteni sana jamani. Jana nimerudi pale dukani, sio kununua, nilitaka tu nimuone yule kijana usoni. Nikamuuliza, hii 17 laini yangu ya Tanzania naiweka wapi? Akaichukua simu akaanza kunionyesha kwenye settings. Nikamwambia sio settings, nionyeshe mlango. Nikatoa kile kipini changu nikamwekea mezani. Kaangalia kipini, kaangalia simu, akaniita "ma'am" mara tatu kwa sentensi moja. Ofa kumbe imeongezwa wiki.

Nimeamua hivi. Kumi na moja haiendi popote, nimeibukia Apple nimeibadilisha betri dola 89, leo saa kumi jioni iko 61, nilikuwa nimesahau simu inakaa hivyo. Nabaki Visible. Simu mpya nasubiri bei za Black Friday nichukue S25 isiyolokiwa nilipe mwenyewe, hiyo ndo itakuwa yangu, na kumi na moja inakwenda juu ya friji kama ya Mzee. Tatizo nililobaki nalo ni la humu ndani, binti yangu wa miaka 13 kasema mama ukiwa na Android meseji zako zitakuwa za kijani, sio za bluu kama za iPhone, kwenye grupu la darasa, kama nimesema nahamia jela.

Nikifika Moshi nitapita Voda na kidole changu nione, labda niigeuze eSIM, labda nisiigeuze. Dada wa Minnesota, Safaricom walikutoza kitu?

—

Kutoka: Dada wa Minnesota

Sikumbuki. Kama walitoza ilikuwa kidogo sana, nilichotumia sana siku hiyo ni chips ya auntie kunyamazisha hiyo story ya mlango. Hadi leo anaisema kwa harusi.

—

Kutoka: Mzee wa Silver Spring

Vizuri mwanangu. Huyo binti mwambie kijani ni rangi ya bendera.

Sasa nauliza, mwezi wa 12 unabeba mabegi mangapi? Nina vijisimu viwili vya wajukuu Machame, A16 hizo hizo alizosema Baba wa Louisville, havina uzito. Utaviweka begi la mkononi, visiende kwenye yale makubwa ya chini kwa sababu ya betri. Na kuna kablenda kadogo ka bibi yao, hako nako si kazito sana.