Mrejesho: ratiba imetoka FET bila kuharibika

Habari za jioni, walimu wenzangu. Wiki iliyopita niliuliza kwa nini ratiba ninayoitoa FET (programu ya bure ya kupanga ratiba ya shule) kama faili la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, inaharibika nikiifungua kwenye lahajedwali. Shuleni kwetu, huku Kongwa, vipindi ni pacha vya dakika 80, nikavipa majina "1-2", "3-4". Vyote vikageuka tarehe: 1 Februari, 3 Aprili!

Aliyesema nisilibofye faili moja kwa moja, Mungu ambariki. Nimelifungua kwa LibreOffice Calc, programu ya lahajedwali, na kwenye dirisha la kuingiza data nikachagua koma kama kitenganishi, kisha safu ya saa, yenye majina ya vipindi, nikaiwekea aina ya Maandishi. Majina yakabaki yalivyo. Ukishaiacha igeuke tarehe na kuhifadhi, usihangaike kurekebisha, toa faili upya.

Ila CSV ile ni orodha tu: kila mstari siku, saa, mkondo, somo, mwalimu. Kwa kuhesabu mzigo wa vipindi wa kila mwalimu inafaa sana, nilimaliza kwa COUNTIF, fomula ya kuhesabu visanduku vyenye jina fulani. Ya kubandika ubaoni ni habari nyingine. Nilipoteza jioni nzima kuipanga kwa mkono, kumbe FET huwa inatoa pia kurasa za HTML (kama za wavuti) za kila darasa na kila mwalimu, zenye jedwali tayari. Nimezifungua kwenye Calc, nikapanua safu, nikachapa.

Kidato cha kwanza hadi cha nne wameanza nayo leo asubuhi. Asanteni sana.