Mita inasoma kW 8.9, klampu inasoma ampea 40: nifuate ipi?

Mkondo_L2: Wakuu, nina mota ya fezi tatu, mita yake inatumia CT (transfoma za mkondo, zinazopunguza mkondo ili mita iupime) za 100/5, yaani ampea 100 za waya huwa 5 kwenye mita. Mita inaonyesha volti 230 kila fezi kwa nyutro, ampea 42, 40 na 41, lakini jumla ya nguvu ni kW 8.9 tu. Pawa fakta (sehemu ya volti × ampea inayokuwa nguvu halisi) nimepima kwa kifaa kingine: 0.9 fezi zote. Nikipiga 8,900 ÷ (1.732 × 400 × 0.9), 400 ikiwa volti kati ya fezi na fezi, napata ampea 14. Klampu (kipimo cha kubana waya) nayo inakubaliana na ampea za mita. Kosa liko wapi?

Waya_Mwekundu: Mkuu, ampea ni sahihi, kilowati ndizo zimeharibika. Ampea ni ukubwa tu. Kilowati hutegemea pia mwelekeo wa mkondo. Piga kila fezi peke yake: 42 × 230 × 0.9 = W 8,694. Ya pili 8,280, ya tatu 8,487. Jumla W 25,461. Sasa ya pili ipe alama ya kutoa: 8,694 − 8,280 + 8,487 = 8,901. Hiyo ndiyo 8.9 yako. CT moja imegeuka: ama P1 (uso wa CT unaopaswa kuelekea chanzo) inatazama mota badala ya chanzo, ama S1 na S2 (nyaya mbili za CT kwenda kwenye mita) zimebadilishana. Uwiano uliokosewa usingeleta hili, maana ampea na kilowati zingepotoka pamoja.

Fundi_Paneli: Kweli kabisa, ila usifungue CT ya fezi ya pili kwa kuamini hesabu pekee. Pawa fakta ya fezi ya tatu ikiwa 0.86, kugeuka kwa hiyo ya tatu nako kunaleta kW 8.86. Fungua ukurasa wa nguvu za fezi moja moja. Yenye alama ya kutoa ndiyo yenyewe. (Kama CT mbili zingekuwa zimebadilishana fezi, jumla ingekaribia sifuri.) Zima mota kwanza. Usichomoe kamwe waya wa S1 au S2 mota ikiwa inazunguka bila kuunganisha S1 na S2 pamoja: CT iliyo wazi hupandisha volti za kuua.

Mkondo_L2: L2 (fezi ya pili) inasoma −8.3. Nimezima, S1 na S2 zilikuwa zimepishana kwenye terminali za mita. Sasa ni kW 25.4. Yuniti (kWh) ambazo mita ilirekodi kabla ya marekebisho je?

Waya_Mwekundu: Zidisha kwa 2.86, yaani 25,461 ÷ 8,901, iwapo tu mzigo ulikuwa huohuo muda wote.